Kidole cha Dhalimu

Mliniacha ndani ya barakoa, na humo humo ndimo mnamonikuta. Joto lake, ndugu zangu, msiniulize.

Kwa aliyechelewa, nimsogezee kiti asikilize. Mimi ni fundi wa nguo kwenye ghala wanamopigia picha tamthilia ya Kimulimuli, yule shujaa mwenye taa kifuani anayeokoa mji kila wiki. Kazini wananiita Sindano. Fundi mkuu ni shangazi yangu, aliyenilea na kunishikisha mkasi. Juzi suruali ya Kimulimuli ilipasuka kwa nyuma, kweupe, mbele ya wenye matangazo wanaotulipa. Lawama zote zikamwangukia Shangazi. Tukaambiwa leo ndiyo siku ya kujua anabaki au anaondoka.

Leo hiyo hiyo asubuhi, Mwembamba, bwana anayecheza Dhalimu, adui mkubwa wa Kimulimuli, akaingia chumba cha nguo shavu limevimba kama mpira.

"Jino, Sindano! Litaniua. Nivalie wewe, picha moja tu. Sura haionekani, sauti wanaiweka baadaye. Nani atajua?"

Kimo chetu kimoja. Huruma ikaniponza. Akanivisha, akanifunga zipu, akatokomea kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ukagongwa.

Hapo ndipo nilipowaacha mkitafuna kucha.

Mlango ulifunguliwa kabla sijaitikia. Alikuwa Haraka, msaidizi wa mwongozaji, dada ambaye hajawahi kuniita bila kupiga makofi kama anayefukuza kuku.

Nikajua nimekwisha.

Haraka akanitazama kuanzia buti mpaka pembe za barakoa. Akaubana mgongo ukutani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Dhalimu."

Niligeuka kuangalia aliye nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

"Marahaba," nikasema.

Sauti ilizunguka kwenye mpira wa barakoa, ikatoka nzito kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Nilijiogopa mwenyewe.

Niwaeleze. Tamthilia ilipoanza, raia wa mji, yaani wale watu wanaoitwa waje wakimbie na kupiga mayowe, walikuwa wakimwona Dhalimu wanacheka. Wangemwogopa vipi mtu waliyekunywa naye chai sasa hivi? Mwongozaji wetu, tunayemwita Mzee Kata, akaweka sheria. Barakoa ikishavaliwa, hakuna tena fulani, yupo Dhalimu. Anaamkiwa na wote, mkubwa kwa mdogo. Haitwi jina lake wala hachekwi. Akinyoosha kidole, analotaka linafanyika, bila swali, mpaka barakoa ivuliwe.

"Woga haupakwi usoni kama poda," husema Mzee Kata. "Woga unafugwa."

Sheria hiyo niliijua. Nimeinamisha kichwa mbele ya barakoa hii mara nyingi, huku najua ndani yumo Mwembamba na kikohozi chake. Ila sikuwahi kujiuliza mambo yanaonekanaje ukiwa upande wa ndani.

"Unapenda nini kabla hatujaanza, Dhalimu?" akauliza Haraka.

Kupenda? Mimi? Kwenye lile ghala sijawahi kuulizwa hata kama nina kiu.

"Kiti," nikasema.

Kiti kikaja mbio.

"Siyo hiki. Kile chenye mgongo."

Chenye mgongo ni cha Staa, kijana anayecheza Kimulimuli, na wakati huo Staa alikuwa amekikalia. Kikaja bila Staa.

Jamani! Nilikaa juu ya kile kiti nikahisi utamu unaanzia kwenye nyayo, unapanda magotini kama maji ya kuoga. Staa amesimama pale na taa yake kifuani, hana pa kuweka mikono. Yeye huyu aliyewahi kunitupia soksi zake akaniambia nizishike, hakuangalia hata kama nimezidaka.

"Shikamoo, Dhalimu," akasema.

Nikachelewa makusudi. Nikachelewa tena kidogo.

"Marahaba."

Hapo macho yangu yakamwangukia mlinzi wa geti. Huyu bwana kila nikitoka kazini lazima anikung'utie mkoba, atafute vitambaa vya wizi. Hajawahi kuokota kitu. Nikamnyooshea kidole.

"Mifuko."

"Mifuko gani, Dhalimu?"

"Yako. Kung'uta."

Kikatoka kitana kisicho na meno. Zikatoka karanga. Na kikatoka nini? Kibunda cha uzi wangu wa dhahabu, ule uliotutoa jasho mimi na Shangazi tukiutafuta chini ya meza zote.

"Nilimshonea mjukuu tu, Dhalimu," akasema, mzee wa watu, sauti imekonda. "Kwenye kola. Padogo sana."

Nilicheka mpaka barakoa ikajaa mvuke. Kwa nje cheko langu lilisikika kama ngurumo, raia wawili wakakumbatiana.

Nikawaambia raia waimbe.

"Tuimbe nini, Dhalimu?"

"Chochote."

Wakaimba ule wimbo wa watoto wa kuhesabu vidole, watu wazima na ndevu zao, fundi wa taa juu ya ngazi naye anaitikia. Nikawaambia warudie, safari hii na miguu. Ghala zima likatikisika. Hata Haraka alirusha mabega. Nilijiona mtu, ndugu zangu. Nilijiona watu watatu.

"Kila mtu mahali pake!" akapaza sauti Mzee Kata kutoka nyuma ya kamera.

Picha yenyewe ilikuwa nyepesi. Dhalimu amevamia soko. Kimulimuli anatokea, anawasha taa yake, Dhalimu anaziba macho, anaanguka, anakimbia. Kazi yangu kuanguka na kukimbia, basi. Nani ashindwe?

"Tunarekodi... Anza!"

Staa akaruka kutoka juu ya kreti za nyanya za plastiki. Taa ikawaka.

"Dhalimu! Mwisho wako umefika!"

Hapo ndipo ningeanguka. Lakini pembeni, karibu na nyaya, nilimwona Shangazi. Amesimama na pini zake mdomoni kama kawaida, anaitazama suruali ya Staa kwa wasiwasi, kama mama anayemtazama mtoto akivuka barabara. Mtu anayengoja kufukuzwa, na bado anawaza suruali!

Sikuanguka. Nilinyoosha kidole.

"Piga magoti."

Staa akapepesa macho. Hilo halikuwemo. Akamtazama Mzee Kata. Mzee Kata amesimama juu ya ncha za vidole, anazungusha mkono: endeleeni, endeleeni!

Staa akapiga magoti.

"Suruali yako ilipasuka kwa nini?"

"Suruali... ipi, Dhalimu?"

"Kwani zimepasuka ngapi?"

Akameza mate. Taa ya kifuani ikaanza kucheza cheza, nadhani betri nayo iliogopa.

"Nilimwambia fundi aibane."

"Fundi akasemaje?"

"Akakataa. Akasema itapasuka."

"Halafu?"

"Nikaenda nayo nyumbani." Akainama. "Nikaibana mwenyewe. Kwa ndani."

"Kwa uzi gani?"

"Kwa stepla."

Hapo mama mmoja miongoni mwa raia alikaa chini juu ya nyanya, amejiziba mdomo kwa kanga yake yote.

"Stepla," nikarudia, polepole.

"Nilitaka kiuno, Dhalimu!" Staa akalia, machozi ya kweli, kamasi za kweli. "Watu wanaandika kwamba shujaa hana kiuno! Ningemwambia nani? Nikasema ni fundi. Nisamehe!"

"Kata! Kata, kata, kata!" Mzee Kata anarukaruka. "Shujaa analia! Shujaa ana dhambi! Nani amewahi kuona kitu kama hiki? Hii ndiyo televisheni!"

Shangazi alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo.

Nami moyoni nikasema, haya, yameisha. Ukweli umesikika kwa kila mwenye sikio. Shangazi amepona. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshagusa zipu.

"Shikamoo, Dhalimu."

Alikuwa Mzee Kata, rika la baba yangu mzazi, ananiamkia mimi. Nikaitikia, laana nikamwachia mwenye sheria.

"Tusogee pembeni."

Akaniongoza nyuma ya ukuta wa duka la samaki, ambao kwa upande ule ni mbao na misumari tu. Akaangalia kushoto na kulia.

"Ile kazi yetu nyingine," akanong'ona. "Yule mama wa nguo. Muondoe sasa hivi, kabla ya chakula."

Nilidhani masikio yamejaa mvuke nayo.

"Staa amekiri," nikasema.

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Lakini wenye matangazo wanataka mtu aondoke. Nikimwondoa Staa, Kimulimuli atakuwa nani? Taa ile utaivaa wewe? Fundi hupatikana."

"Basi mwambie mwenyewe."

"Mimi?" Akajishika kifua kama nimemchoma. "Si unanijua? Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtu ondoka. Nina moyo laini mno. Ndiyo maana nakutuma wewe. Mpishi, si ulimwondoa wewe? Na yule wa poda? Unasimama mlangoni, unanyoosha kidole, mtu anakusanya vyake. Kelele hakuna, na mimi nalala vizuri."

Vinyweleo vilinisimama mpaka vikagusa sifongo iliyojaza vazi.

Mpishi! Tuliambiwa kapata kazi kwingine. Wa poda tuliambiwa kaenda kuuguza. Kumbe kila mmoja alinyooshewa kidole hiki hiki, cha glavu niliyoishona mimi, akaondoka bila kumuaga mwenziwe, maana Dhalimu hahojiwi.

Na sifongo yenyewe. Nilipogusa bega la kushoto nikalikuta limelegea. Mabega ya Dhalimu nimeyajaza mimi, nayajua. Kuna mahali mshono umefumuliwa na pande la sifongo limenyofolewa, kubwa kiasi cha kujaza shavu la mtu.

Jino! Mwembamba hakuwa na jino bovu wala zima la kumuuma. Alijua kazi ya leo ni ipi, na Shangazi ndiye humtibu kikohozi chake kwa tangawizi. Akashindwa, akajijaza sifongo mdomoni, akakimbia. Na katika watu wote wa ghala lile akanivisha mimi!

"Na nani atashika nafasi yake?" nikauliza, ili nipate kupumua.

"Huyo ninaye tayari. Binti yake, Sindano. Mkimya, hana makuu, anaangalia tu. Yule mama mwenyewe ndiye aliyemwombea. Alisema, nikiondoka mimi, msimguse binti yangu, mpeni meza yangu."

Hatujafichana tangu tuanze, sitaanza leo. Kwa kitambo kidogo niliiona ile meza kubwa ya kukatia ikiwa yangu. Niliziona funguo za kabati zikining'inia kiunoni kwangu. Niliisikia hata sauti yao: chwa, chwa, chwa.

Halafu nikaona aibu, bahati nzuri nilikuwa na barakoa.

Nikaenda chumba cha nguo. Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Akaniona nimeziba mlango kwa pembe na mabega, akalisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Aa," akasema. "Kumbe ndivyo mnavyofanya."

Akasimama. Akavuta gauni lake likae sawa.

"Shikamoo, Dhalimu."

Mtu aliyenifuta kamasi! Mtu aliyenifundisha kuvaa viatu!

"Usijisumbue na kidole, baba," akaendelea, huku anakunja futi yake ya kitambaa. "Najiondokea. Ila kuna binti yangu, sijui kapotelea wapi tangu asubuhi. Akirudi mwambieni cherehani ya dirishani inataka mafuta. Na asigombane na mtu kwa ajili yangu. Kunyamaza anakujua, anyamaze."

Akaanza kutia vitu vyake kwenye kikapu. Mkasi. Mto wa pini. Miwani.

Niligeuka. Joho likavuma nyuma yangu kama tanga la jahazi. Nilipita kati ya soko, raia wakasimama kote kote. Mzee Kata alikuwa nyuma ya kamera anamenya ndizi, macho juu darini, kama mtu asiye na habari na lolote duniani.

Nikanyoosha kidole.

"Wewe."

Akaangalia nyuma yake. Nyuma yake ukuta.

"Mimi, Dhalimu?"

"Toka."

Ndizi ikabaki hewani.

"Nitoke... niende wapi?"

"Mlango unaujua."

Mzee Kata akacheka. Akamtazama Haraka acheke naye. Haraka akaangalia buti zangu. Akamtazama Staa. Staa akaizima taa yake. Akawatazama raia, na raia ni yeye aliyewafundisha: Dhalimu hachekwi.

Nilimwona akipima. Akisema "acha mchezo, fulani, vua hiyo barakoa," basi sheria yake imekufa mbele ya watu wote, na woga alioufuga utakimbia wote kama kuku waliofunguliwa banda. Midomo ikajaribu neno lake, lile la kila siku. Ka... ka... Halikutoka.

Akaiweka ndizi juu ya kamera. Akachukua kofia.

"Ndiyo, Dhalimu."

Akaenda. Haki ya Mungu, alikwenda! Na alipofika getini yule mlinzi akamwomba mkoba aukung'ute kwanza.

Ghala lililipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga sufuria, wakapiga hata ile kengele ya moto. Mama wa kanga alirusha nyanya juu. Nami nikaenda nikakaa kwenye kiti cha Mzee Kata, kile kirefu, ambacho ukikikalia unaona vichwa vya watu kwa juu, hata vipara.

"Sasa tufanye nini, Dhalimu?" akauliza Haraka, anahema.

Maneno yakanitoka kama uzi uliofumuka kwenye kibunda. Nikasema raia wote wapewe viti. Nikasema Kimulimuli asiruke tena bila ruhusa. Nikasema mpishi atafutwe, arudishwe. Kila neno lilikwenda na mtu mbio. Nikasema mji huu kuanzia leo ni wangu, na shujaa ataulinda akiambiwa. Wakashangilia.

Mmoja hakushangilia. Yule fundi wa taa, juu ya ngazi. Labda alichoka tu.

Nikamnyooshea kidole. Akapiga makofi.

Na msiniulize kwa nini nilingoja mpaka ayapige vizuri.

Ndipo Shangazi akatokea na kikapu chake, anakwenda zake mlangoni, hana habari ya yaliyotokea. Nilitaka kumpigia kelele: rudi, umeshapona, nimewamaliza wote! Alipofika mbele ya kiti akasimama. Hakuangalia pembe wala barakoa. Aliangalia miguu. Mimi nikikaa huikunja miguu chini ya kiti, mmoja juu ya mwingine, tangu nikiwa sijafika kwenye kanyagio la cherehani.

Akakiweka kikapu chini.

"Vua hicho kitu, mwanangu."

Aliisema taratibu, lakini ghala lile lina mwangwi. Mwanangu, mwanangu, ikaenda mpaka kwenye mabati.

Makofi yakafa. Haraka akanitazama, akamtazama Shangazi, akanitazama tena.

"Dhalimu," akasema, sauti inatetemeka, "huyu mama amekuita kama mtu. Amevunja sheria. Tumfanye nini?"

Jibu lilikuwa rahisi. Zipu iko shingoni, naifungua, kwisha. Lakini nikiifungua, Mzee Kata yuko hapo nje getini, atarudi, na kikapu kitaondoka kweli. Nisipoifungua, meza ya Shangazi iko salama. Anachotakiwa ni kuomba radhi tu. Kidogo. Asimame sawa, ainamishe kichwa, aniamkie. Kwa faida yake mwenyewe. Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia kwa ile sauti ya pipa.

"Nasema vua," akarudia Shangazi, akasogea hatua moja.

Watu wote walikuwa wananitazama. Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye.

Mkono wangu ukainuka, na haukwenda kwenye zipu.